Baba Hatajwi

Kila Garam alipolitamka neno "baba", aliadhibiwa. Ndiyo ilikuwa amri ya kundi lao la kujisomea, na yeye mwenyewe aliipigia kura, kwa hiyo hakuwa na wa kumlalamikia. Alisimama kwenye kona ya chumba, akainua mikono juu na kuibana masikioni kama mtoto wa darasa la pili aliyechelewa namba. Nabin, mshika saa wao, aliendelea kutafuna wali wake uliofungwa kwa mwani, akimtazama kwa huruma isiyo na msaada wowote.

"Umemtaja tena," alisema Dohyeok. "Mdogo wangu, hivi huyo mzee wako anakaa kwenye ncha ya ulimi?"

Garam alizidi kuibana mikono masikioni. Mikono ilikuwa inamuuma na hasira ilikuwa inamuuma zaidi.

Watatu hao walikuwa mwaka wa nne katika chuo kimoja cha mji wa Cheongju, na wote watatu walikuwa wakiitafuta shule ya sheria, ile inayopokea wahitimu wa somo lolote. Mtihani wa kuingilia walikuwa wameshaufanya Julai, na Garam, msichana mfupi wa falsafa ambaye walimu wake walikuwa wakimsahau jina, alikuwa ameutandika mtihani ule mpaka Dohyeok akaomba kuyaona matokeo kwa macho yake. Yalibaki mambo mawili: maelezo binafsi ya maandishi, na usaili. Mwombaji anaruhusiwa shule mbili tu kwa mwaka, basi. Ukizikosa zote mbili, unarudi nyumbani ukawaeleze majirani.

Tena kulikuwa na ile kanuni. Ilizaliwa kwa sababu nzuri, kama zinavyozaliwa kanuni nyingi zinazokuja kuwachoma wasiohusika. Zamani watoto wa wakubwa walikuwa wakiandika kwenye maelezo yao kwamba baba ni jaji wa mahali fulani, mjomba ni mwendesha mashtaka wa mahali fulani, na milango ikafunguka yenyewe. Wananchi wakapiga kelele, nao walikuwa na haki. Sasa mwombaji anaingia kwenye usaili akiwa na namba kifuani, hana jina, hana chuo, na ole wake ataje kazi ya mzazi au ya ndugu yake. Akiteleza hapo, maombi yanaweza kutupwa hata kama ana akili za kugawa.

Sasa sikia lililomkuta Garam. Baba yake, Pyo Junggil, alikuwa mlinzi wa mlango wa mahakama mjini Jecheon. Siyo hakimu wala karani: mlinzi, yule wa kukwambia uweke begi kwenye mkanda wa mashine ya ukaguzi na utoe funguo mfukoni. Mama yake alikuwa akifanya kazi kwa zamu katika kiwanda cha tambi, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu mchana, mtoto akitoka shule alikuwa akienda mahakamani kumsubiri baba. Huko ndiko alikokulia. Huko ndiko alikoanza kusikiliza kesi, likizo baada ya likizo, amekaa benchi la nyuma miguu haigusi sakafu. Mtu kama huyo ukimuuliza kwa nini anataka sheria, atakwambia nini?

Mwezi wa tisa alikuwa amewasomea wenzake maelezo yake ya kwanza. Yalianza hivi: "Baba yangu ni mlinzi wa mlango wa mahakama." Nabin alikuwa ameanza kufuta machozi. Dohyeok alivuta kalamu nyekundu akaikata sentensi nzima kwa mstari mmoja.

"Ni mlinzi, kaka," Garam alisema. "Ni mlinzi tu, siyo jaji."

"Kanuni haisemi jaji. Inasema kazi ya mzazi."

"Kanuni hii iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Mbona imenishika mimi?"

Mama yake Dohyeok alikuwa jaji kule Daejeon. Wote walilijua hilo, na kwa adabu hawakuwa wakilisema. Dohyeok aliwazidi wenzake miaka michache, alikuwa ameshamaliza utumishi wake wa lazima jeshini, na hakuwa mtu wa kukasirika ovyo. Alikunja karatasi polepole.

"Ni kweli," alisema. "Iliwekwa kwa ajili yangu. Ndiyo maana naijua kuliko wewe. Mimi nimefundishwa kutomtaja mama tangu nikiwa sekondari. Ukisema mzazi wako yuko mahakamani, hawatasubiri kusikia kama anakalia kiti au anashika mlango. Watakuweka fungu moja na mimi."

Garam aliona haya, lakini hakuomba msamaha siku ile. Alikwenda akayaandika upya maelezo yake. Baba akatoka, mlango ukatoka, ikabaki kwamba tangu utoto alikuwa akikaa katika vyumba vya mahakama akisikiliza kesi za watu asiowajua. Dohyeok alimwonya kwamba hata hapo kuna shimo, maana profesa yeyote mwenye akili timamu atamuuliza ni nani alikuwa akimpeleka. Afanyeje basi? Alimshauri akifute kifungu chote, aandike habari za vitabu kama wenzake.

Garam alikataa katakata. Alisema akikitoa hicho atabaki na alama za mtihani na picha ya kitambulisho, na waombaji wa namna hiyo wamejaa nchi nzima. Alikuwa amejipa mwaka mmoja tu, hakutaka kuona wazazi wake wakizeeka huku yeye akiwa mwanafunzi wa milele, na mwaka huo mmoja hakuwa tayari kuupoteza kwa maneno ya kuazima. Akayapeleka maelezo vilevile. Ndipo wakatunga adhabu ya mikono juu, ili ulimi ufundishike kabla ya Novemba.

Ulimi haukufundishika. Dohyeok alijifanya profesa, akakunja uso, akamuuliza kwa sauti nzito nani alikuwa akimpeleka mahakamani, na Garam akajibu vizuri kabisa mpaka katikati, halafu baba akachomoza tu, kama mzee aliyesikia anasemwa chumba cha pili.

Usaili wa shule ya kwanza ulikuwa Jumamosi ya baridi. Alipewa namba, akapewa maandiko ya kusoma kuhusu mwenye nyumba na mpangaji na maji ya mvua, akayachambua mbele ya maprofesa watatu mpaka mmoja wao akatikisa kichwa kwa kuridhika. Moyo wake ulikuwa umetulia. Kisha yule wa kushoto, mwanamke mwenye miwani iliyoshuka puani, akafungua maelezo yake.

"Mtoto mdogo, mahakamani, kila likizo. Nani alikuwa akikupeleka?"

"Ba—" alisema Garam, akafunga mdomo.

Aliufunga kweli. Ulikaa umefungwa muda ambao yeye aliuona kama wa kupika wali. Alipoufungua tena alisema ni mtu wa familia, mtu ambaye, kwa namna fulani, alikuwa karibu na mahali pale. Maprofesa wakatazamana. Yule mwenye miwani akaandika kitu. Garam alijua walichokifikiria kana kwamba wamekisema: huyu naye ni mtoto wa jaji, anaficha. Binti wa mlinzi wa mlango alitoka katika chumba kile akijiona mwizi, na hakuwa ameiba chochote.

Ndani ya basi la kurudi hakulia. Alijikaza kisabuni, akafungua simu akawaandikia wenzake kwamba ya kwanza imeharibika, imebaki moja, na kwamba siku inayofuata hatakuja kwa sababu kwao wanatengeneza kimchi, kabichi ya kuvundikwa na pilipili, ya majira ya baridi na asipokwenda mama yake atamkana.

Kimchi ya nyumba ile ilikuwa kazi ya sebule nzima. Kabichi zilizolowekwa chumvi zilikuwa zimerundikwa kama wagonjwa wa zahanati, na Junggil alikuwa amekaa sakafuni amevaa glavu ndefu za mpira, za rangi ya waridi, akipaka rojo la pilipili jani kwa jani. Alikuwa mtu mpole, mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Alimsogezea binti yake glavu nyingine. Baada ya kabichi kadhaa alimuuliza usaili ulikwendaje, na kama maprofesa walikipenda kile kifungu chake.

"Kifungu chako kipi, baba?"

"Si uliniambia umeniandika. Ule mwanzo, wa mlangoni. Nimewaambia wenzangu wote kazini. Hata yule karani mkali nimemwambia."

Garam aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alikuwa amemsomea ule mwanzo kwa simu mwezi wa tisa, siku alipouandika, na tangu hapo hakuwa amemwambia lolote. Basi akamweleza yote: kanuni, kalamu nyekundu, mikono juu, yule mama mwenye miwani. Aliongea akiitazama kabichi, maana usoni kwa baba yake hakuweza kutazama. Junggil aliendelea kupaka, lakini alikuwa akipaka jani lilelile.

"Kumbe mimi ndiye ninayekuangusha," alisema mwishowe.

"Siyo wewe. Ni kanuni."

"Kanuni inanikataa mimi, siyo?"

Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililomuumiza Garam. Mtu huyu alikuwa amesimama mlangoni miaka yote akiwaruhusu wengine wapite, na mara moja katika maisha yake alikuwa ametaka kupita na yeye, japo kwa jina tu, ndani ya karatasi ya mwanawe. Garam alimwambia anasikitika. Alimwambia kwa maneno hayohayo, na machozi yakamtoka, na hakuweza kuyafuta kwa sababu glavu zilikuwa na pilipili.

Junggil alimfuta yeye, kwa mkono wa fulana. Kisha akauliza swali lenyewe lilikuwaje, neno kwa neno.

"Nani alikuwa akikupeleka."

"Sasa hapo ugumu uko wapi?" Alionekana kushangaa kwa dhati. "Hakuna aliyekupeleka."

"Baba, nimekulia pale kwa sababu yako."

"Umekulia kwenye benchi. Mimi nilikukalisha kwenye benchi la nje, karibu na mashine, nikakwambia usinyanyuke. Nilikukataza kuingia kule ndani, kule watu wanagombana na wengine wanalia, si mahali pa mtoto. Nikageuka kukagua begi la mtu, nikirudi haupo. Nilikutafuta mpaka chooni! Umesahau? Karani mkali ndiye aliyekuja kuniambia bintiyo amekaa chumba cha kwanza, kimya, anasikiliza kesi ya mbuzi."

Garam alikuwa amesahau. Kwa miaka yote kumbukumbu yake ilikuwa imemweka baba akimshika mkono na kumwingiza.

"Kesho yake nikakukataza tena, ukatoroka tena. Nikachoka," alisema Junggil. "Mimi mwenyewe sijawahi kuisikiliza kesi hata moja mpaka mwisho. Nani atashika mlango? Yule mzee wa pilipili, unamkumbuka? Mimi nilimkagua begi tu. Aliyekuja kuniambia kwamba ameshindwa kesi ni wewe. Ulikuwa unalia kuliko leo."

Garam alikaa na jani la kabichi mkononi. Uso ulimwaka moto, na haikuwa pilipili. Alikuwa amemvisha baba yake kitu kilichokuwa chake yeye, ule uamuzi wa kuingia mwenyewe, kwa mapenzi, na labda kwa kumwonea huruma, na angekwenda nacho mpaka kimuangushe. Alijisikia mjinga. Alijisikia mwepesi pia, na hasira ikamjia, ile nzuri, inayomfanya mtu anyooshe mgongo.

"Mmemaliza mkutano?" aliuliza mama yake kutoka jikoni. "Kabichi hazijipaki zenyewe."

Wiki iliyofuata Dohyeok alimkamua. Alimuuliza akiwa amekaa, akiwa amesimama, akiwa anakunywa kahawa ya mashine, akiwa mdomo umejaa. Alimuuliza kwa upole na kwa dharau. Garam alijibu kila mara, na mikono haikupanda juu hata siku moja, mpaka Nabin akalalamika kwamba burudani imekwisha. Siku ya mwisho Garam alimwomba Dohyeok msamaha kwa maneno ya mwezi wa tisa. Dohyeok alisema alikuwa ameshayasahau, jambo ambalo halikuwa kweli, na wakaenda kula supu ya soseji.

Shule ya pili ilikuwa kaskazini, na theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka. Namba kifuani, maandiko ya kusoma, maprofesa watatu. Safari hii aliyemfungulia maelezo alikuwa mzee mwembamba aliyekaa katikati, mwenye sauti ya mtu aliyeamka na mafua.

"Umeandika kwamba ulisikiliza kesi tangu utoto. Watoto hawaendi mahakamani kucheza. Nani alikupeleka?"

"Hakuna, Profesa. Kesi husikilizwa hadharani, na mlango uko wazi kwa raia yeyote. Niliingia mwenyewe."

Jibu lilitoka bila kukwama. Lilikuwa kweli, na bado alihisi kama ameuachia mkono wa mtu katikati ya umati. Aliendelea kumtazama mzee.

Mzee hakuridhika. "Peke yako? Mtoto wa shule ya msingi? Hapakuwa na mlinzi wa kukuzuia?"

Dohyeok, kwa ujanja wake wote, hakuwahi kumuuliza hilo. Angeweza kusema hakukuwa na mlinzi, lakini huo ungekuwa uongo, na tena angemfuta mtu yule mara ya pili, safari hii kwa kinywa chake mwenyewe. Hakukubali.

"Alikuwepo, Profesa. Alinizuia."

"Ikawaje?"

"Nilimtoroka. Kesho yake akanizuia tena, nikamtoroka tena."

Maprofesa wa pembeni walicheka. Hata mzee alitabasamu upande mmoja. "Basi alikuwa mlinzi mzembe," alisema.

"Hapana," alisema Garam, na sauti yake ikawa kali kuliko alivyokusudia. "Alikuwa mlinzi mzuri sana. Hakuondoka mlangoni hata siku moja. Mbishi nilikuwa mimi."

Mzee aliweka kalamu chini, akamuuliza ni kitu gani basi alikiona kule ndani cha kumfanya awe mbishi hivyo. Garam akamweleza habari za mkulima mmoja wa pilipili aliyeshitakiwa kwa ajili ya mpaka wa shamba. Jaji alimuuliza kama ameelewa hukumu, akajibu ndiyo, Mheshimiwa. Akaulizwa tena, akajibu ndiyo. Wakatoka nje, na pale koridoni mzee yule akamwinamia msichana wa sare za shule akamuuliza kwa sauti ndogo: mjukuu wangu, nimeshinda au nimeshindwa?

"Ukamwambiaje?" aliuliza mzee mwembamba.

"Nilimwambia ameshindwa. Akanishukuru." Garam alinyoosha mgongo. "Sitaki mtu mwingine atoke chumba kile akalazimika kumuuliza mtoto."

Matokeo yalitoka Desemba. Shule ya kwanza ilimkataa, kama alivyojua. Ya pili ilimchukua. Nabin alipata shule moja. Dohyeok, mtoto wa jaji, hakupata hata moja, akasema atajaribu tena mwaka ujao, na akaenda kulala. Garam hakumpigia baba yake simu. Alipanda treni ya asubuhi kwenda Jecheon, akaingia mahakamani kama mtu mwingine yeyote, akaweka begi lake kwenye mkanda na kumwambia hapohapo, mbele ya foleni.

Junggil alishika ukingo wa mashine. Akavua kofia yake, akaivaa tena. Nyuma ya Garam alikuwapo wakili mmoja mwenye haraka na mkoba wa ngozi.

"Wakili, huyu ni binti yangu," Junggil alimwambia. "Ameingia shule ya sheria." Wakili akampongeza. Akaja kijana mwenye kesi ya pikipiki, akaambiwa vilevile. Akaja jaji mwenyewe, anarudi kutoka kunywa chai, naye akaambiwa, kwa sauti ileile.

"Baba, basi," alinong'ona Garam, uso mwekundu. "Tulikubaliana hatutajani."

"Wewe ndiye uliyekatazwa kunitaja," alisema Junggil. "Mimi nimekatazwa na nani?"

Akamgeukia bibi mmoja aliyebeba furushi, akamsaidia kuliweka kwenye mkanda, na furushi halijatokea upande wa pili akawa ameshaanza: "Bibi, unamwona huyu msichana hapa?"